Mahudhurio na kuchelewa vipindi: maswali mnayotuuliza kila muhula

Ukurasa huu ni wa wanafunzi wa cheti na diploma chuoni kwetu hapa Arusha, wa kutwa na wa jioni. Maswali yametoka kwenye simu yangu mimi mlezi wa wanafunzi, simu ambayo kuanzia saa 12 asubuhi inapiga kelele kama soko la Kilombero. Nimeyaacha mlivyoyauliza, ila nimerudisha herufi "s" pale mlipoweka "x".

Ratiba imeandikwa 07:30. Ni saa saba na nusu?

Ni saa moja na nusu asubuhi. Usicheke, kila tukipokea mwaka wa kwanza kuna mtu anafika mchana, kavaa vizuri, daftari mkononi, anauliza darasa liko wapi. Ratiba inachapwa na programu inayohesabu saa kuanzia usiku wa manane, na sisi tunahesabu tangu jua linapochomoza. Toa sita: 07:30 inakuwa saa 1:30 asubuhi, 14:00 inakuwa saa 8 mchana, 17:00 ni saa 11 jioni.

Tabu kubwa haipo kwenye ratiba, ipo kwenye makundi ya WhatsApp. CR, yaani kiongozi wa darasa, anaandika "testi kesho saa 8" halafu anazima data akalale. Ni saa nane mchana, au ni ile 8:00 ya kwenye ratiba ambayo ni saa mbili asubuhi? Muhula mmoja nusu ya darasa walikuja asubuhi wakakuta mlango umefungwa, wakanuna tu, maana testi yenyewe ilikuwa mchana. Ingekuwa kinyume chake, nusu hiyo ingekosa alama. Tangu siku hiyo ma-CR wote wanatakiwa kuandika neno "asubuhi" au "mchana" mbele ya saa. Maneno hayo hayamalizi bando.

Asilimia 75 inahesabiwaje?

Hiyo ni asilimia ya vipindi unayotakiwa kuhudhuria ili uingie mtihani wa mwisho, na inahesabiwa kwa kila somo peke yake, siyo kwa muhula mzima. Wengi hapa ndipo wanapopotea: mtu anahudhuria Mawasiliano vipindi vyote, Hesabu anaingia akijisikia, kisha anategemea moja ifidie nyingine. Haifidii.

Chukua somo lenye vipindi 4 kwa wiki, kwa muhula wa wiki 15. Jumla ni vipindi 60. Asilimia 75 ya hapo ni 45, kwa hiyo una vipindi 15 vya kukosa, na kipindi cha 16 kinakutoa kwenye mtihani wa mwisho. Vipindi 15 vinaonekana vingi mwezi wa kwanza wa muhula. Lakini homa moja ya wiki nzima inakula vinne, msiba wa siku mbili unakula viwili au zaidi, na hapo hujaweka zile asubuhi ambazo shuka lilikuwa zito. Mwezi wa Julai hapa mjini kila mtu anajua shuka linavyokuwa zito.

Kiwango hicho cha 75 hatukukibuni sisi, utakikuta kwenye kanuni za vyuo vingi nchini. Na ukumbuke kwamba kwenye mfumo wa NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi, krediti moja inahesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza. Somo la krediti 12 ni saa 120 za kazi yako, na za darasani ni sehemu tu ya hizo. Anayekosa vipindi anakosa ile sehemu iliyokuwa rahisi, ambayo mtu mwingine anamwelezea.

Nikipewa ruhusa, siku hiyo inahesabika nimehudhuria?

Hapana. Najua hamlipendi jibu hili.

Ruhusa inakuondolea kosa la utoro. Haikufanyi uwe ulikuwepo. Zile asilimia 25 zilizobaki zimewekwa kwa ajili ya mambo kama hayo: kuugua, kuzika, kufuata kitambulisho NIDA, kuitwa nyumbani. Ukizitumia kwa usingizi mwezi wa kwanza, ukija kuugua mwezi wa tatu mfuko ni mtupu. Mwenye ruhusa anapata faida mbili: testi aliyoikosa anapangiwa nyingine, na akivuka vipindi 15 kwa sababu nzito, kikao cha idara kinaweza kumtazama. Mtoro hapati hata moja.

Nikichelewa dakika tano naandikwa nini?

Hadi dakika 10 unaingia na unaandikwa herufi C. C tatu ni sawa na kipindi kimoja ulichokosa. Ukipita dakika 10 unahesabiwa hukuwepo, lakini mlango haufungwi: ingia, kaa nyuma, usome. Kuna wanaosikia "umeshaandikwa haupo" wakageuza kwenda kantini kunywa chai na chapati. Hiyo ni hasara mara mbili.

Namna ya kuingia pia ina adabu yake. Mwalimu akiwa katikati ya maelezo usisimame mlangoni kupiga hodi na shikamoo ya sauti kubwa hadi darasa zima ligeuke. Ingia kimya, inamisha kichwa kidogo, kaa kiti cha karibu. Shikamoo yako mwalimu ataipokea kipindi kikiisha, pamoja na maelezo ya kuchelewa kama yapo.

Mbona karakana na maabara hawaruhusu hata dakika moja?

Kwa sababu dakika za mwanzo ndizo za usalama. Fundi mkuu anaeleza mashine ipi leo ina hitilafu, waya upi una umeme, nani anasimama wapi. Anayeingia baada ya hapo hajasikia, na mashine ya kukata vyuma haimjui aliyechelewa. Ukikuta maelezo yamekwisha, rudi, mwone fundi jioni akupangie kundi la siku nyingine. Akikuambia nafasi hakuna, usije kwangu nimlazimishe. Sitamlazimisha.

Hali ni hiyo hiyo jikoni kwa wanafunzi wa hoteli: mwenye mikono isiyonawishwa mbele ya mwalimu na kucha zisizokaguliwa hagusi chakula.

Kifodi kilichelewa. Ni sababu?

Inategemea kimecheleweshwa na nini, na mara ngapi.

Tunajua mnakotoka. Wapo wa Kwa Mrombo, Moshono, Kisongo, Ngaramtoni, Usa River. Tunajua asubuhi kifodi, yaani daladala yetu ya hapa mjini, kinapita kimejaa, konda ananing'inia mlangoni, na wewe unabaki kituoni na wenzako kumi. Tunajua masika, kuanzia Machi hadi Mei, barabara za mitaani zinageuka tope na bajaji zinagoma kuingia. Tunajua pia mji huu una makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na ukumbi wa mikutano ya kimataifa wa AICC, kwa hiyo kuna asubuhi trafiki wanasimamisha magari yote wageni wapite, na hakuna anayeweza kubishana na king'ora. Siku kama hiyo darasa zima linachelewa, na mwalimu anaanza kuita majina upya. Haihitaji barua.

Lakini soko la Tengeru lipo kila Jumatano na Jumamosi tangu hujazaliwa. Foleni yake haiwezi kuwa dharura. Mwanafunzi anayetoka upande huo anajua Jumatano aondoke mapema, na aliyeniletea sababu hiyo wiki tatu mfululizo nilimuuliza kama anategemea soko lihamishwe.

Jambo moja naomba mlizingatie kuliko herufi C zote: usimwambie bodaboda "kimbiza, nimechelewa", na usipande mishikaki, abiria wawili au watatu kwenye pikipiki moja. Dakika ishirini za kuchelewa nitakusamehe bila hata kuuliza. Nimeshakwenda hospitali kumtazama mwanafunzi aliyekuwa anawahi kipindi cha saa moja na nusu, na kipindi chenyewe siku hiyo kiliahirishwa.

Naishi Moshi kwa shangazi, nasafiri kila siku. Mnanishauri nini?

Tafuta geto Arusha, hata la kuchangia watatu, angalau kwa siku za vipindi vya asubuhi.

Siyo kwamba ni mbali sana, ni kilomita 80 hivi. Shida ni kwamba Coaster haiondoki mpaka ijae, na ikiondoka inakutana na kibao cha 50 karibu kila kijiji, Boma Ng'ombe, Kikatiti, Maji ya Chai, Usa River, na trafiki wana tochi zao. Hesabu saa mbili, na siku mbaya zaidi ya hapo. Wanaosafiri kila siku huwa wanaanza vizuri, na kufika wiki ya sita hivi wanaanza kukosa Jumatatu, kisha Ijumaa. Shangazi mwenyewe akielezwa ataelewa. Waliokuja kuzungumza nami, wengi wao walielewa.

Rafiki yangu ameniandikia "nisainie". Nikimsainia kuna shida?

Ipo, na inawakamata wote wawili.

Kuna siku karatasi ya mahudhurio ilirudi mezani na saini 48. Mwalimu akahesabu vichwa: 39. Akafunga mlango, akaita jina moja moja, kila mtu akasimama. Majina tisa hayakuwa na mtu wa kusimama. Kilichouma zaidi ni kwamba mmoja wa hao tisa asubuhi hiyo alikuwa na ruhusa yangu halali ya kwenda hospitali. Hakuhitaji kusainiwa. Rafiki yake alidhani anamsaidia, akamgeuza mgonjwa kuwa mdanganyifu.

Adhabu yetu: aliyesainiwa na aliyesaini wote wanapoteza mahudhurio ya wiki hiyo kwa somo hilo, na wanaandikwa kwenye faili. Ikijirudia, suala linakwenda kamati ya nidhamu, na huko mimi sina kura. Mtu akikuomba, mjibu: "Siwezi, ila nitakupigia picha daftari langu." Huo ndio msaada.

Nilikuwa mgonjwa. Nilete nini?

ED, yaani karatasi ya daktari ya kukupumzisha, kutoka hospitali, zahanati au kituo cha afya, yenye muhuri, jina lako na idadi ya siku. Iwe ya Mount Meru au ya zahanati ya mtaani kwenu, kwetu ni sawa. Ilete ndani ya siku tatu baada ya kurudi.

Risiti ya duka la dawa haitoshi. Inaonyesha dawa zilinunuliwa, haionyeshi aliyeumwa. Lakini siyo kila ugonjwa unampeleka mtu hospitali, nalijua hilo, hasa nyie kina dada mnaopata maumivu makali kila mwezi mkaona aibu kumweleza mwalimu wa kiume. Nitumieni meseji mimi, neno moja tu, "sijisikii vizuri mwalimu", kabla kipindi hakijaanza. Sihitaji maelezo. Ruhusa ya siku moja ya namna hiyo naitoa mara mbili kwa muhula bila karatasi yoyote, kwa wavulana pia.

Nimefiwa. Mtaamini?

Pole sana. Ndiyo, tutaamini.

Walimu wengine hutania kwamba kuna wanafunzi wanaozika bibi kila muhula. Mimi sipendi utani huo. Kwa hesabu zetu bibi ni wengi: mama yake mama, mama yake baba, dada zao, na mke mwenza kama yupo. Anayekufa wa tatu naye alikulea. Pia nafahamu kwamba wengi wenu mnazika kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, juu Rombo, Marangu au Machame, kwa hiyo mazishi ya Jumamosi yanamaanisha kuondoka Ijumaa asubuhi, na kurudi ni Jumapili au Jumatatu.

Tunatoa siku tatu kwa msiba wa familia, siku tano kwa mzazi, mlezi, mwenza, mtoto au ndugu wa tumbo moja. Ukirudi leta barua fupi ya mtendaji wa kijiji au mtaa. Usihangaike nayo kabla ya kuondoka. Meseji inatosha, nenda ukazike.

Nimepata safari ya mlima siku saba kama mpagazi. Hela ya ada inatoka huko huko. Nifanyeje?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote hapa, na kila mwaka msimu mkubwa wa watalii, Juni hadi Oktoba, linakuja kwa wingi. Siwezi kumwambia kijana anayejilipia ada asiende mlimani. Pia siwezi kumdanganya kuhusu hesabu.

Safari ya siku saba kwa njia ya Machame ni wiki nzima: vipindi vinne vya kila somo. Safari moja, umetumia 4 kati ya 15. Mbili, 8. Tatu, 12. Ya nne inakufikisha 16, umeshazuiwa. Na ukienda tatu, vitatu vilivyobaki ndivyo akiba yako ya kuugua na kuchelewa kwa muhula mzima. Kwa hiyo ushauri wangu ni safari mbili, ya tatu ikibidi sana, na isiwe wiki ya testi. Kabla hujapanda, njoo na tarehe tuzitazame kwenye ratiba. Zaidi ya mwanafunzi mmoja ameahirisha safari kwa siku tatu tu na kila kitu kikakaa sawa, kwa sababu alikuja mapema. Aliyekuja baada ya kushuka nilichoweza kumpa ni pole ya malengelenge.

Kama huwezi kuishi bila safari nne au tano kwa msimu, hamia kundi la jioni au ahirisha muhula kwa barua. Kuahirisha siyo kufeli. Kupotea bila barua ndiko kunaleta disko, yaani kuondolewa masomoni.

Sijamaliza ada. Niingie darasani au nisubiri?

Ingia. Mwalimu wa somo hana orodha ya wanaodaiwa na hapaswi kukutoa. Ada inafuatiliwa na ofisi ya uhasibu, na mwenye deni anapanga nao awamu. Kinachosikitisha ni mwanafunzi anayekaa nyumbani wiki nne kwa aibu, akapata fedha, akalipa yote, halafu akakuta ameshazuiwa kwa mahudhurio.

Sala ya Ijumaa na Sabato?

Ijumaa hatupangi kipindi kati ya saa 6:30 na saa 8 mchana. Kwa Wasabato, vipindi vya Jumamosi vya kundi la jioni vina kundi mbadala Jumapili. Jiandikishe wiki ya kwanza, siyo wiki ya testi.

Nina mtoto mchanga.

Hongera. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama mfanyakazi likizo ya siku 84 na muda wa hadi saa mbili kwa siku wa kunyonyesha. Wewe si mwajiriwa wetu, lakini saa hizo mbili tumeziazima: ukitoka kunyonyesha katikati ya kipindi ukarudi, huandikwi C. Kwa siku za kujifungua, ahirisha muhula mapema. Tarehe ipo kwenye kadi ya kliniki, na hiyo kadi ndiyo ushahidi wako.

Na mwalimu akichelewa yeye?

Swali la haki. Subirini dakika 20. CR ampigie, asipopokea, aje ofisi ya taaluma aandikishe. Kipindi hicho hakihesabiwi kwenye 60 zenu hadi kifidiwe. Msiondoke dakika ya nane mkashangilia, maana mwalimu akifika dakika ya kumi anakuta madawati.

Nipo fildi. Kanuni ni hizi hizi?

Huko kwenye mafunzo ya vitendo kazini ni kali zaidi. Fuata saa za kazi za hapo ulipo, na msimamizi asaini kitabu chako cha kumbukumbu kila wiki. Usikusanye wiki sita usainiwe siku moja kwa kalamu moja. Tunaiona.

Binamu yangu anasoma chuo cha jamii Marekani, anasema huko mahudhurio hawajali.

Wanajali kwa namna yao. Kwenye vyuo hivyo aghalabu kila mwalimu anaweka masharti yake kwenye muhtasari wa somo anaougawa siku ya kwanza, na mwanafunzi anatarajiwa ausome. Fedha nazo zina macho: anayesoma kwa msaada wa serikali kuu ya nchi ile, akiacha masomo kabla asilimia 60 ya muhula haijapita, sehemu ya fedha hizo inarudishwa, na yeye anaweza kubaki na deni. Muulize binamu yako kuhusu hiyo 60.

Jina langu limebandikwa kwenye orodha ya waliozuiwa mtihani. Nimeisha?

Bado. Orodha inabandikwa wiki mbili kabla ya mitihani ili makosa yarekebishwe, na makosa huwa yapo: karatasi imepotea, majina mawili yanafanana, ED ilibaki kwenye meza ya mtu. Una siku tano za kazi kuandika barua kwa mkuu wa idara kupitia kwangu, ukiambatisha ulichonacho. Ndiyo maana nawasihi mpige picha kila ruhusa mnayopewa.

Rufaa ikikataliwa, somo hilo unalirudia litakapofundishwa tena, yaani mwakani. Siyo sapu. Sapu ni ya aliyeingia kwenye mtihani akashindwa.

Nikichelewa au nikikosa nimwandikie nani, na niandike nini?

CR wako na mimi, kabla ya kipindi. Meseji ya kurasa mbili sitaisoma saa moja asubuhi. Ya mfano ni hii, aliniandikia mwanafunzi wa mwaka wa pili, na nimeomba ruhusa yake kuiweka hapa bila jina:

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni wa diploma mwaka wa pili, umeme. Kifodi kimepasuka tairi Ngulelo, nakuja kwa miguu hadi Philips. Nitafika saa 2 kasoro. Nimemwambia CR. Karakana nimeshaikosa, naomba kundi la Alhamisi."

Alipangiwa Alhamisi.